Mukono kwenye bega la mama mukwe

Ijumaa, Wamaza. Mvua ya jana imeacha matope mekundu, leo jua linachoma, na mimi kinywa nimekifunga. Nikifungua kinywa nitatukana.

Mimi ni mupishi wa Bwana mumoja, muzungu wa kampuni ya pamba, pale Kasongo. Yeye na Madamu wake wana nyumba ya matofali na vitanda vya springi. Basi wiki hii wameamua kuacha yote hiyo, waje kulala ndani ya hema, njia ya Kabambare. Kujifurahisha! Sisi tunahangaika maisha yote tupate bati juu ya kichwa, wao wanatoka chini ya bati kwenda kutafuta siafu. Nimebeba meza ya kukunja, viti vya kukunja, mpaka beseni ya kuogea ya kukunja. Na kila kijiji tunachofika, watu wamekwisha kufyeka barabara kwa amri. Wanasimama pembeni na majembe, jasho linawatoka, Madamu anawapungia.

Safari hii niliikubali kwa sababu moja tu. Bibi yangu, muke wangu wa ndoa, alikuja kwao hapa Wamaza kuzaa, na amezaa mutoto mwanamuke. Bwana aliniahidi kwa kinywa chake kwamba tukipita hapa, bibi na mutoto watapanda nyuma ya gari pamoja na masanduku, tufike Kabambare, halafu turudi wote nyumbani. Njia nzima nilikuwa napika huku naimba.

Sisi watoto wa Kasongo, wa musikitini, hatuna sana mambo ya kuwakimbia wakwe. Lakini ukioa kwa watu, umeoa na miko yao. Katika ukoo wa bibi yangu, mama mukwe humuangalii usoni. Mukikutana njiani, wewe unaingia majanini yeye apite. Kumugusa? Mungu aepushe.

Jana tulipofika, kapita wa kijiji, ule musimamizi wa kazi za wazungu, alileta wanawake na mitungi ya maji, maana muzungu akifika lazima aoge. Katika mustari ule nikaona kikwembe alichojifunga mama mukwe. Nikajitupa nyuma ya gari, nikageuza uso, kama inavyotakiwa. Naye alikwisha kuniona, akajifunika. Mpaka hapo kila mutu alikuwa na adabu yake.

Bwana akauliza mupishi wake anaficha nini. Kapita, mutu wa kinywa chepesi, akacheka: "Ile mama iko mukwe wake, Bwana. Anamuheshimu."

Madamu akapiga makofi. "Mama ya bibi yako! Juu ya nini unakimbia? Kuya hapa!" Akanivuta mimi, akamuvuta yule mama, akachukua mukono wangu akauweka kwenye bega la mama mukwe. Alitaka kutupiga foto.

Mutungi ulianguka ukapasuka. Hakuna aliyecheka, hata kapita. Bwana akasema, "Simama vizuri."

Nilisimama.

Bega lilikuwa linatetemeka chini ya kiganja changu. Nimeosha mukono kwa majivu, nimeosha kwa sabuni ya Madamu, bado nalisikia.

Na siwezi hata kusema Madamu ana roho mbaya. Saa ya kula aliniambia ile foto atanipa, niitundike nyumbani. Angekuwa mubaya ningemuchukia, nikapumua. Huyu anakuchekea, na kila anachoshika kinaharibika.

Leo asubuhi mujomba wa bibi yangu alikuja jikoni kwangu. Hakuja kwa ukali. "Mukwe, tunajua ni mambo ya wazungu. Lakini mukono ulikuwa wako."

Basi. Bibi na mutoto hawatoki mpaka haya ya mama ioshwe. Nilete mbuzi, halafu nikae pale uwanjani kwa baba mukwe, nitoe salamu kila siku, mpaka mama mwenyewe akubali kunijibu kutoka ndani ya nyumba. Inaweza kuwa kesho kutwa, inaweza kuwa mwezi. Mbuzi atapatikana. Kigumu ni huko kukaa.

Maana nilikwenda kwa Bwana, kofia mukononi, nikamueleza pole pole. Hakuinua macho kutoka kwenye kahawa yake. "Mambo ya washenzi hayo. Kesho asubuhi tunakwenda. Ukibaki umevunja kontra ya kazi uliyotia kidole, na ukivunja kontra, jela iko." Na bibi yangu? "Atakuja kwa miguu." Mwanamuke ametoka kuzaa juzi juzi, na mutoto mugongoni, kwa miguu mpaka Kasongo! Aka!

Mwenye nguvu mupishe, wanasema. Nimepisha mimi. Nimepisha toka utoto wangu, mpaka sasa sina tena pa kukanyaga.

Sasa ni muchana, wao wamelala ndani ya hema. Mimi nimekaa juu ya sanduku la vyombo. Nyumba ya baba mukwe naiona toka hapa, nikiita watasikia. Mutoto analia mule ndani. Wanasema ana masikio yangu. Wanasema tu, mimi sijamuona.

Nimekwisha kuona watu wakiingia jela ya Kasongo, na nimewaona wakitoka. Walitoka wamekonda, mugongo una alama za fimbo, lakini walikuta bibi zao mulangoni. Mimi nikipanda gari hii kesho, nitarudi kwa nani?

Nguo zangu nimekwisha kuzifunga. Kahawa yao ya asubuhi nitaiacha tayari, na mukate, wasije wakasema nilikimbia kazi kama mwizi. Halafu nitavuka uwanja kwenda kukaa kwa baba mukwe. Saa ya kuondoka Bwana atapiga honi. Hana subira yule, ataipiga mpaka kijiji kizima kitoke nje.

Apige.