Valvu ya Boila ya Zamani

Shajara ya Bahati, Jumanne usiku

Leo fundi amefunga boila mpya ya maji ya kuoga nyuma ya bweni letu. Ni kubwa sana, lakini ameiwekea valvu ya presha, ile ya kutoa mvuke ukizidi, iliyotoka kwa boila ndogo ya zamani.

Nilimuuliza kwa sauti ya chini kama itatosha. Akacheka. "Si imeingia kwa tundu, profesa? Ikiingia imetosha."

Haitoshi. Valvu hupimwa kwa moto, si kwa tundu. Lazima iweze kutoa mvuke wote ambao moto unaweza kutengeneza, la sivyo boila inaweza kulipuka.

Jioni Auntie Wairimu, mpishi wetu, alijaza kuni chini ya boila. Valvu ikapiga mluzi mwembamba usiokatika, na bado mshale wa presha ukazidi kupanda. Ukuta wa bweni ukaanza kutetemeka polepole, kama unapumua. Wanafunzi wengine waliendelea kupiga stori.

Mimi nisiyeongea hata darasani nikapiga kelele, "Auntie, toa kuni!"

Alinitazama usoni, akazitoa bila kuuliza.

Wenzangu wamenuna kwa sababu ya maji baridi. Fundi amesema kesho atawasha mwenyewe, tuone hakuna shida.

Kitanda changu kimegusa ukuta huo. Nimeuwekea kiganja sasa hivi. Bado una joto.