Mluzi wa Kifaa cha Mama

Nørrebro, Copenhagen
Jumapili, Novemba 1964

Kaka yangu Asger,

Pokea salamu zetu. Mguu wako umepona? Shemeji Jytte hajambo, na Malene wetu je? Huku tupo. Mama anakula vizuri. Mimi nimechoka tu, naamka nimechoka na kulala nimechoka.

Uliuliza kile kifaa cha kusikilizia tunachomtengenezea mama kimefikia wapi. Kimetutoa jasho. Kila alipokivaa kilipiga mluzi, hata chumba kikiwa kimya. Akakivua, akasema haendi kanisani akilia kama birika. Tatizo ni kwamba sauti ilivuja sikioni, ikarudi kwenye maikrofoni, ikakuzwa, ikavuja tena. Kila saketi ya namna hii ina mlio wake; ukiigusa kidogo tu, huuendeleza mlio huo yenyewe. Sisi mafundi huuita ncha. Saketi ikiwa imetulia, mlio hufifia. Ukiiongezea nguvu mno, haufifii tena. Unakua mpaka unapasua masikio.

Mkuu wetu, Bwana Lauridsen, akaamuru tuweke sifuri palepale, yaani mlio ule upite njia mbili zinazofutana, ili ukiingia kisitoke kitu. Mluzi ukafa. Tukala keki.

Mama akakivaa, akafurahi. Kisha akaniuliza mbona siku hizi naongea kama kibogoyo. Sauti ya “s” ilikuwa imezama pamoja na mluzi. Hata jina lako alilisikia “Ager”. Nilipomweleza Bwana Lauridsen alicheka. “Mluzi umekwisha, Tove, sasa unataka na kwaya?” Nikamwambia mama yangu hakuomba kimya, aliomba kusikia. Hakucheka tena, ila hakubadili kitu.

Basi cha mama nikakiondolea ile sifuri mwenyewe, nikapunguza nguvu. Sasa anasikia sauti hafifu, sharti tukae magoti yakigusana, lakini maneno yanamfika mazima. Amesema bora hivyo, kwani nani aliniambia anachukia kukaliwa karibu.

Sasa kaka, kaa kwanza. Jumanne nilikuwa nakijaribu kifaa kingine. Ghafla wenzangu wakaziba masikio, Bwana Lauridsen akapiga kelele nikizime. Mimi nilikuwa nachomelea waya, sisikii mluzi wowote. Nikadhani wananitania, nikacheka. Nilipoona nyuso zao ndipo nikaacha. Nimeshapimwa. Ni ugonjwa uleule wa mama, na daktari anasema unatembea kwenye ukoo.

Mama sijamwambia. Nitamwambia kesho. Wewe uliandika kwamba mwalimu wa Malene analalamika mtoto ni mkaidi, haitiki akiitwa. Asger, usimchape tena. Mpeleke akapimwe wiki hii, nawe upimwe pamoja naye.

Mkumbatie Jytte kwa niaba yangu. Mama anawabusu nyote.

Mimi dada yako akupendaye,
Tove