Bibi Shariha Kafutwa

Jumatatu, 3 Machi 2003

Nimekasirika mno. Hemed, mdogo wangu, kanirudishia kwa faksi kurasa za kusomwa kwenye hauli, kumbukumbu ya kila mwaka ya Sheikh Mudathiri. Miezi minne nimetafsiri maisha ya sheikh kutoka kitabu cha Kiarabu cha babu, kilichoandikwa kwa mkono, kila nikitoka zamu ya kuogesha wazee hapa Lewisville. Na yeye na kamati yake ya Houston wamefuta nini? Bibi Shariha! Mwalimu wake! Mwanamke aliyemsomesha Hadithi za Mtume akampa ijaza, idhini ya kusomesha — kapigwa mstari mmoja wa wino.

Nikampigia. Eti watu watauliza maswali, mwanamke vipi asomeshe wanaume. Eti Da Mahfudha, usilikuze jambo. Sheikh ana miaka mia sita kaburini, na hakuona haya kumtaja. Haya wanaona hawa madereva wa teksi!

Jumatano, 5 Machi

Hasira bado. Babu alijaribu kumfunza Hemed kitabu hiki. Hemed akatoroka kucheza mpira. Niliyebaki mkekani ni mimi, nikitaja silsila ya sheikh, mwalimu kwa mwalimu, majina tisa, kila jina na mwaka wake wa kufa. Nikiruka moja, babu ananirudisha mwanzo. Mwaka huu likirukwa la Bibi Shariha, mwakani nani atalikumbuka? Watoto wetu hata Kiarabu hawasomi.

Jioni Hemed kapiga simu. Nikadhani anaomba radhi. La! Nisisahau sambusa mia mbili. Sambusa!

Nilikuwa na la kumwambia kuhusu ile miaka ya kufa kwenye silsila. Sikumwambia. Na asome.

Jumamosi, 8 Machi — Houston

Naandika nyuma ya pazia, upande wa wanawake, daftari pajani, kitabu cha babu mkobani. Hemed anasoma. Sauti anayo, hiyo simnyimi.

Kafika kwenye silsila. Sheikh Mudathiri amepokea kwa Sheikh Bakathiri... Maalim Abdulhafidh, mgeni wetu kutoka Mombasa, kamkatiza. Kwa upole tu. Kwa miaka uliyotusomea, mwanangu, Bakathiri kafa miaka arobaini kabla sheikh hajazaliwa. Alimsomesha wapi? Baina yao hapana mtu?

 Wanawake wote wananitazama mimi. Kwenye spika nasikia karatasi zinapekuliwa.

Sasa kaja Nawal, binti yake Hemed, anahema. "Aunty, Dad anataka kile kitabu. Like, right now!"

Nimemwambia: mwambie baba yako aje mwenyewe. Aniulize kwa sauti, watu wasikie, nani alimsomesha sheikh.

Kaenda mbio. Mama mmoja kaninong'oneza nimstahi, ni ndugu yangu. Nimstahi! Bibi Shariha nani kamstahi?

Naona soksi za Hemed chini ya pazia. Zimesimama. Maikrofoni kaja nayo, haikuzimwa, pumzi zake zinasikika ukumbi mzima. Anakohoa.

"Da Mahfudha —"