Dawa ya Injini ya Baba

Baba,

Chai iko kwenye birika, ipashe tu. Mkate nimeufunika kwa sahani. Funguo za gari ziko msumarini.

~~Kama umekasirika, basi.~~ Nisamehe kwa kukuaibisha asubuhi. Jirani alipokuomba ile dawa ya injini unayoisifu, ilifaa nikuite pembeni. Badala yake nikaropoka mbele yake kwamba chupa yako ya dawa ina oili ya kawaida, na kwamba mimi ndiye ninayeijaza, mwezi wa tatu sasa tangu dawa yenyewe iishe. Akacheka mpaka akashika ukuta. Wewe ukafunga boneti taratibu, ukaingia chumbani. Afadhali ungenigombeza.

Sikukusudia kukudhihaki. Kazini gereji naona magari yaliyomiminiwa dawa za kila aina, na chuma kilichosagika kinabaki kimesagika. Nikikwambia, unanijibu uliendesha lori kabla sijazaliwa.

Lakini gari limetulia kweli, hapo hukujidanganya. Nimewaza sana kwa nini. Injini yetu inakula oili, na kila Jumamosi, kwa ajili ya dawa yako, ulichomoa kijiti cha kupimia oili, ukatazama, ukaongeza. Na maji ukaangalia. Zamani hukuwa unafungua boneti mpaka moshi utoke.

Jirani alirudi ukiwa chumbani. Hakuja kucheka, anataka umfundishe kukagua gari lake. Nimemwambia aje kesho Jumamosi, saa mbili.

Chupa nimeijaza. Karatasi yake iliyoandikwa dawa sijaibandua.

Binti yako,
fundi ~~mkuu~~ msaidizi