Mabati Yaliyopisha Msiba Wako, Baba

Mwaka umetimia, Baba, tangu utuage ile asubuhi ya Ijumaa. Mzee Adamu Mbaruku, fundi makochi wa uchochoro wetu huku nyuma ya Kariakoo, leo tuna habari ya kukupa. Tulia uisikie.

Si unaukumbuka ugomvi wako na yale mabati? Mwenye yadi ya malori alipoziba mwisho wa uchochoro, akatutenga na ukingo wa mto Msimbazi, katika kila mkutano wa mtaa ulisimama wewe. "Mto wetu wenyewe, mbona tunauchungulia kama wezi?" Watu wakicheka. Mama akikuvuta kanzu: "Kaa chini, mume wangu, utakufa na huo mto!" Nawe ukimjibu, "Bora nife nao."

Hukutaka makubwa. Ulitaka wazee wapate pa kupunga upepo na watoto pa kuchezea, basi. Ndivyo ulivyokuwa. Kochi la asiye na kitu ulilishona kama la tajiri, na hukuweza kumpita mtoto anayelia bila kumuuliza kaonewa na nani.

Ukaondoka mabati yamesimama vilevile. Hilo lilituuma sana.

Kumbe! Waliokuja kukuzika walijaa uchochoro mzima, turubai likakosa pa kusimama. Baba mdogo Abdulswamad akamwendea Onesphory, mlinzi wa yadi.

"Kaka, tuna msiba. Tunaomba nafasi."

Onesphory akampigia bosi wake. Bosi naye mtu wa mjini, anajua msiba haukataliwi. "Toa mabati, waweke mikeka." Mikeka ikafika hadi mtoni.

Matanga yalipokwisha, Onesphory akaja na nyundo kuyarudisha mabati. Mama akamuuliza kupitia dirishani, "Na arobaini je?" Ikapita arobaini, akaja tena.

"Mwanangu, mimi nimo edani, sitoki nje. Wanaokuja kunipa pole wakae wapi, kichwani kwangu?"

Onesphory akacheka, akaondoka na nyundo yake. Baba, huyo mkeo tumwogope!

Hadi anamaliza eda, ukingo ulishapata wenyewe: wazee na bao lao, Bi Kamla wa ghorofani na wajukuu zake, watoto na mpira wao. Nani angethubutu kuwafukuza? Watu wa ardhi wakaja kupima, wakakuta yadi ndiyo iliyovuka mpaka. Palikuwa njia ya umma tangu zamani, kama ulivyokuwa ukisema hadi sauti inakukauka.

Sasa pana miti, majani na mabenchi. Alhamdulillah, tumepumua! Mabenchi yenyewe hayana migongo, na tunajua ungeyasema wiki nzima. Mama akishuka jioni hubeba lile takia jekundu ulilomshonea, na hamwazimi mtu.

Jana baada ya Alasiri tulikusomea hitma hapohapo ukingoni. Onesphory alitandika mikeka pamoja nasi. Safari hii hatukumwomba mtu nafasi.

Tunaokukumbuka ni mkeo Zena, wanao Husna na Anuari, mdogo wako Abdulswamad, wajukuu zako na majirani wote. Maadamu tupo, Baba, hatutakusahau. Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako, kama ulivyotupanulia uchochoro.

Amina.