Waya wa Simu Uliishia Dirishani

Tapah, Ijumaa, baada ya adhuhuri

Kwa mwanangu Maznah,

Assalamu alaykum warahmatullah. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Najua itakukuta mzima, maana nakusikia jikoni ukisugua sufuria la uji ambao nimekunywa nusu tu. Utashangaa kuandikiwa na mtu anayelala nyuma ya ukuta wako. Hata mimi nashangaa. Lakini kila nikifungua mdomo unanigeuza ubavu, unaniuliza kama mgongo unauma, nami naishia kujibu habari za mgongo. Ndiyo maana jana nilikuomba kalamu na karatasi kwa kisingizio cha fumbo la maneno la gazeti.

Kwa upande wangu, mgongo ni uleule, kifua ndicho kilichozidi. Daktari alikuita nje kuzungumza nawe, nami sikuhitaji kusikiliza; nilisoma majibu usoni mwako uliporudi ukitabasamu. Wewe nakuomba uliangalie goti lako la kulia. Nimekuona unashuka ngazi za mlango wa nyuma kwa kushika ukuta.

Maznah, kuna jambo nimekuficha tangu ulipokuwa na miaka ishirini na sita. Linahusu gari la marehemu mama yako, na simu aliyopiga Anko Leong alasiri ile ulipokuwa umelala chini ya gari hilo. Nitakueleza kana kwamba hukuwepo, kwa sababu wewe ulikuwa upande mmoja tu wa habari hii. Mimi ndiye niliyekuwa pande zote mbili.

Mwaka ule mama yako alikuwa ameshatutoka, na mguu wangu wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi baada ya kiharusi. Ndipo ikaja barua ya kukuita kazini katika kituo cha utafiti wa mboga, huko juu Tanah Rata, kazi uliyoitamani tangu ulipokuwa unaotesha kabichi kwenye makopo ya maziwa. Bi Senah wa jirani alikubali kunipikia na kulala sebuleni. Hapakuwa na kikwazo ila kimoja, na ulikiweka wewe mwenyewe. Ulisema hutakwenda kukaa juu mlimani kama huwezi kushuka usiku wa mvua nikikuita.

Barabara ile unaijua, na gari lile lilikuwa halifai kwa barabara ile. Kwenye kona lililala upande, likainuka, likalala upande wa pili. Leong alizoea kumwambia mama yako kwamba gari lake linatembea kama bata aliyelishwa tapai, ule wali uliochachushwa unaolewesha. Basi ukaamua kulifanyia kazi hapahapa nyumbani, kwenye kibaraza cha mbele: shokapu mpya za mbele na nyuma, springi fupi na ngumu zaidi, matairi mapana yenye kushika lami ya mvua, na bushi, yale mapete ya mpira yaliyo kwenye maungio ya mikono inayobeba magurudumu. Leong alikuchagulia vifaa kutoka yadi yake ya magari mabovu karibu na reli. Alikupa na vibano vya kubana springi, akakuonya kwamba springi ikiruka haitakuuliza jina.

Alikuwa aje kukusimamia. Mke wake akalazwa hospitali Ipoh, akashindwa kuja. Akasema atapiga simu ukifika kwenye zile bolti za mikono, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapokosea.

Sijui kama unakumbuka siku zile nilivyokaa dirishani. Kiti changu kilikuwa hapa hapa kilipo kitanda hiki. Simu ilikuwa mezani kwangu, na waya wake ulivutika hadi kizingiti cha dirisha, hauendi zaidi. Wewe ulikuwa umeliinua gari kwa jeki, ukalipumzisha juu ya stendi, magurudumu ukayapanga ukutani. Uso wako ulikuwa mweusi wa grisi. Bi Senah alikuchungulia juu ya ua, akasema, “Mwalimu, mwanao huyu ataolewa na jeki!” Nawe ukamjibu kutoka chini ya gari, “Afadhali jeki, Bi Senah, linanyanyua!” Alicheka mpaka akashika ua.

Nami nilicheka. Tangu mazishi ya mama yako sikuwa nimekuona na furaha kama ile, na hiyo furaha ndiyo iliyonitia hofu. Kila nati uliyoilegeza niliisikia kama komeo la mlango linafunguliwa. Nilijiona nimekaa dirishani, jioni baada ya jioni, nikila wali wa Bi Senah na kumsikiliza anavyosimulia ndoto zake. Mguu haunyanyuki. Lango liko hatua chache, lakini kwangu lilikuwa mbali kama Makka. Nikawaza: gari hili likipona, ndiyo basi.

Simu ikalia. Leong alizungumza. Ukauliza amesemaje, nikakujibu, ukafanya. Jioni ukayarudisha magurudumu, ukalishusha gari chini, ukalizunguka mara kadhaa huku umeshika kiuno. Ukasema pua yake imesimama juu kidogo kuliko ulivyotarajia. Nilisema labda springi bado mpya.

Ulikwenda kulijaribu siku ya kwanza mpaka kwenye maporomoko ya Lata Iskandar. Ulirudi ukisema linashika kona vizuri ila ni gumu mno, kama mkokoteni. Siku ya pili nililisikia kabla sijaliona: mbele kulikuwa kunalia kama mlango usiotiwa mafuta. Siku iliyofuata mlio ukageuka kugonga. Ulisema utaangalia Jumapili, na mvua ikija utalijaribu kwanza kwenye maji, maana ndilo jaribio lenyewe. Nilikuwa na muda wa kusema, Maznah. Nilikuwa nao kwenye chai ya asubuhi, nilikuwa nao uliponifunga vifungo vya shati. Nilitaka gari lishindwe. Sikutaka likuumize. Lakini ulipochukua ufunguo huku mawingu yameshuka mlimani, nilikuambia tu uvae sweta.

Ulirudi na bampa limefungwa kwa kamba ya katani, na kitambaa cha kichwa chako kimelowa damu hapo juu ya nyusi, palipo na kovu hadi leo. Mbele kuliruka kwenye kona, ukagonga ukuta wa mlima. Ungekwenda upande wa pili, wa bonde, nisingekuwa na wa kumwandikia. Ulikaa chini ya dirisha hili, ukaitazama mikono yako, ukasema, “Baba, ingekuwa nashuka kukuwahi, tungekufa wote wawili, kila mtu mahali pake.” Kesho yake uliandika kwenye kituo kukataa kazi. Uliniomba nikusahihishie barua. Nikakusahihishia.

Leong alikuja baada ya kumzika mkewe, bado amevaa kiraka cheusi cha msiba mkononi. Alijilaza chini ya gari, akatoka na kipande cha mpira kilichochanika, akakuambia bolti zilikazwa magurudumu yakiwa yananing’inia. Mpira ukakamatwa hivyo, gari liliposhuka ukajisokota, na kwa kuwa springi zenyewe ni fupi ulijisokota zaidi, mpaka ukakatika. Akasema alimwambia Mwalimu. Ukanigeukia. Nikasema Leong aliniambia neno moja tu, kaza, na kwamba simu ilikuwa inakwaruza na lori la kabichi lilikuwa linapita.

Ulimwambia anamtwika mgonjwa kosa lake. Ulimwambia na mengine ambayo sitayaandika, kwa kuwa yalinistahili mimi. Leong alinitazama kupitia nondo za dirisha. Tulikuwa tumecheza dama pamoja tangu tukiwa vijana. Alijua nikidanganya kete navuta sikio, na nilikuwa navuta sikio. Angeweza kubisha. Alijifuta mikono, akasema taratibu, “Labda sikusema vizuri, Mwalimu.” Kisha akaondoka kwa miguu, na hajawahi kuingia tena.

Toka hapo kila Mwaka Mpya wa Kichina anatundika machungwa langoni, na kila mwaka unawapa watoto wa mtaani. Mwaka mmoja nilikuomba moja. Ulilimenya ukanipa. Nililitafuna muda mrefu, halikushuka, nikalitema kwenye leso ulipotoka.

Toka hapo pia hujashika spana. Bomba likivuja unamwita mtu, unasimama nyuma yake umeficha mikono mgongoni. Mwaka ule kituo kilipokuandikia tena, ulisema watafute mtu mwenye mikono ya uhakika. Yule mwalimu mwenzako aliyekuja kukuposa ulimwambia una mgonjwa. Mimi nilikuwa nasikiliza yote kutoka hapa, nimefumba macho kama mtu aliyelala. Nilipata nilichokitaka. Nimelishwa, nimeoshwa, nimegeuzwa usiku na mchana na binti ambaye hakuwahi kunipandishia sauti. Na kila ulivyozidi kunitunza, ndivyo nilivyozidi kushindwa kusema, kwa sababu ningesema ningebaki na nani? Nilikufungia humu, kumbe na mimi nilijifungia humo humo. Hata dirisha halinipi kitu. Nikifumbua macho ni turubai la gari lile ninaloliona, limekaa kibarazani na matairi bapa, kana kwamba limewekwa mahali hapo ili linitazame.

Sasa umeniambia wiki ijayo watu wa chuma chakavu kutoka Bidor watakuja kulichukua. Ulisema huna sababu ya kukaa na kitu ulichokiharibu. Neno hilo ndilo lililoniamsha. Hukuharibu kitu, mwanangu. Kazi ya mikono yako ilikuwa safi. Springi uliziweka sawasawa, shokapu hazijavuja hata leo. Ukiwapa chuma wape, gari ni lako, lakini usiwape na hilo neno.

Nilikuwa nimepanga uipate barua hii chini ya mto siku ya kubadilisha mashuka, nikiwa nimeshazikwa. Nimeona huo ungekuwa ujanja uleule: kuchagua wakati ambao huwezi kuondoka, wala huwezi kunijibu. Kwa hiyo nitakupa mkononi kesho ukileta uji. Nimezungumza na shangazi yako Rokiah. Yuko tayari kuja kukaa nami kuanzia kesho jioni, na hajui kwa nini. Ukitaka kwenda, nenda. Ukitaka kukaa ukae kwa hasira, kaa. Ninachokuomba ni kimoja: nenda kwanza yadi ya Leong, umwambie Mwalimu amesema kweli. Yupo bado. Bi Senah anasema siku hizi anakaa kwenye kiti cha gari kilichong’olewa, mbele ya lango, na haoni vizuri. Mtajie jina lako kabla hujasema lolote.

Nisalimie shangazi yako atakapofika, na Bi Senah, na watoto wa mtaani wanaokula machungwa. Mwombee mama yako, na kaburini kwake usiniombee msamaha, nitamwomba mwenyewe. Mungu akupe afya ya goti, na mikono yako akurudishie.

Naweka jina langu hapa, kabla ya maneno ya mwisho, ili nikishayaandika nisiwe na nafasi ya kuongeza udhuru chini yake.

Mimi baba yako,
Baharom bin Lebai Sudin

Hakuna lori lililopita. Simu haikukwaruza. Leong alipiga kutoka simu ya sarafu hospitalini, na mke wake alikuwa chumba cha pili anatolewa maji mapafuni, lakini alikuwa amekumbuka saa utakayofika kwenye zile bolti. Alisema polepole kama anayemfundisha mtoto: “Mwambie azishike kwa vidole tu, asikaze. Arudishe magurudumu, ashushe gari chini, likae kwa uzito wake, ndipo akaze.” Akaniomba niyarudie, awe na uhakika. Nikayarudia yote, neno kwa neno, kwa sauti ya chini ambayo wewe hukuweza kuisikia. Akasema, “Hapo sawa, Mwalimu,” na sarafu zikaisha. Nikaweka simu chini. Ukaniita kutoka chini ya gari, unacheka, “Baba, anko anasemaje?” Nikainama dirishani, nikaiona miguu yako miwili na spana ikisubiri, nikasema: kaza.