Filamu Ambayo Bi Mwanaamina Hakuirudisha

Chuo Kikuu, Dar es Salaam
4 Novemba 2023

Dada yangu Hanifa,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta na afya, kifua cha Baba kimetulia, na shemeji hajageuza tena laibrari yako ya filamu kuwa ghala la mpunga. Mimi ni mzima wa mwili. Roho inawaka, kama unavyonijua.

Umeniomba filamu za ajabu, zenye giza, kwa kuwa wateja wako wa Mohoro wamechoka na mateke na mapenzi. Ombi hilo nimelipokea kwa heshima, maana watu waliochoka kubembelezwa ni watu walioanza kuamka. Bahasha ya CD nimemkabidhi kondakta. Maneno ya kila filamu nimeyaandika hapa ili uyanakili kwenye kadi na kuzibandika kwenye majalada, kama tulivyokubaliana nilipokuwa likizo. Anayekodi filamu ana haki ya kujua anaingiza nini nyumbani kwake.

*Viti Vitupu.* Katika kijiji kimoja kila nyumba hulazimika kuweka kiti kisichokaliwa, na hakuna anayekumbuka amri hiyo ilitoka kwa nani. Hakuna tone la damu, lakini utaanza kukiogopa kiti chako mwenyewe. Wanafaa kuichukua wanaopenda kukaa kimya.

*Bibi wa Ghorofa ya Chini.* Kikongwe anafuga samaki aina ya mikunga kwenye beseni la kuogea na kuwaita kwa majina ya wanawe waliomtupa. Inachekesha mpaka inapoacha kuchekesha. Asiichukue aliyegombana na mama yake wiki hii.

*Mwosha wa Mji.* Hii ndiyo johari. Mwosha maiti mmoja huwaosha wakubwa wote wakifa, na kila mwili humwachia siri. Anajua nani alificha makovu mgongoni. Anamjua tajiri mcha Mungu aliyezikwa na jina la mwanamke asiye mkewe likiwa limechorwa ubavuni. Siri hizo anaziuza moja moja mpaka anakuwa meya. Wananchi, jiulizeni: hawa wanaotusafisha leo, kesho watatuuza kwa nani?

Kadi hiyo ya mwisho ibandike mlangoni. Watu wasome hata kama hawakodi.

Msalimie Baba.

Mdogo wako,
Tahiri


Mohoro
19 Novemba 2023

Mdogo wangu Tahiri,

Waalaykum salaam. Sisi wazima, kifua cha Baba kinakwenda na kurudi, na mpunga wa shemeji yako bado uko nyumbani, haujaingia dukani. Je, wewe unakula? Faudhia wa jirani alikuona kwenye simu ya mtu umepanda juu ya meza unahutubia, akasema shingo imekuwa kama ya korongo.

Kadi zako zimeleta watu. *Viti Vitupu* aliichukua Fikirini wa mashine ya kukoboa. Kesho yake akaviingiza ndani viti vyote vya barazani. Mama mkwe wake akaja, akakosa pa kukaa, akasimama na kikapu chake mkononi akauliza, "Nimefukuzwa au kumetokea msiba?" Mpaka leo hawajapatana vizuri. Amerudisha CD na kusema, "Hanifa, huyo mdogo wako anasomea sheria au uganga?" Kisha akaniuliza kama ipo nyingine kama hiyo.

Ile ya mikunga wanawake wanapokezana, haikai rafuni.

Lakini hii ya tatu, Tahiri, inanikaa vibaya. Ninyi huko mnasema mwosha mkimaanisha serikali. Hapa Mohoro mwosha ni mtu, na ni mmoja, naye ni baba yetu. Wapo waliosoma kadi mlangoni wakacheka na kuniuliza, "Baba yako naye anagombea umeya?" Hao walikuwa wanatania, nikacheka nao. Aliyenishtua ni Bwana Mshamu, mdogo wake marehemu Mzee Abdulrazaq. Alikuja kukodi ya kivita kama kawaida yake. Akasimama mlangoni, akasoma, akarudia kusoma. Akaniuliza, "Maneno haya kaandika nani?" Nikamwambia ni wewe. Akairudisha ile ya kivita mahali pake, akatoka bila kuaga.

Niibandue?

Dada yako,
Hanifa


Chuo Kikuu, Dar es Salaam
25 Novemba 2023

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na dua zangu ni kwamba nyote hamjambo. Mwambie Faudhia shingo ni ileile. Kola ndiyo iliyolegea.

Usiibandue. Nakuandikia hivi kwa upendo, ila kwa msimamo. Sanaa inapomgusa mtu mahali panapouma, jamii yetu hukimbilia kuifunika sanaa badala ya kukitazama kidonda. Kila dhulma katika nchi hii inaanza na mtu mmoja mwoga anayesema, "Liache, watu watasemaje?" Bwana Mshamu amekunja uso mbele ya karatasi, basi karatasi imefanya kazi yake. Baba ni mtu mkubwa kuliko kadi ya dukani, na heshima yake haiwezi kutikiswa na tashbihi.

Nakutumia nyingine mbili: moja ya mlinzi wa makaburi anayewapangisha walio hai, nyingine ya mji ambao redio hutangaza vifo kabla havijatokea. Maneno yake yako nyuma ya karatasi hii.

Simama imara.

Mdogo wako,
Tahiri


Mohoro
6 Januari 2024

Tahiri,

Assalaam alaykum. Nakuuliza hali kwa sababu ni wajibu. Ya kwetu nitakueleza.

Sikukuandikia mwezi mzima kwa kuwa nilitaka kwanza kuelewa ninachokiona. Katikati ya Desemba alifariki fundi cherehani wa karibu na msikiti. Baba alisikia tangazo, akaoga, akavaa, akakaa barazani na mfuko wake wa vifaa magotini akingoja kuitwa. Hakuitwa. Wafiwa walimleta mwosha kutoka Kibiti, na mwili ukangojeshwa njia yote hiyo. Baba alikaa pale mpaka jeneza likapita mbele yake. Akainuka, akalifuata makaburini kama mtu yeyote.

Juzi amefariki mwingine. Ikawa vilevile.

Nilikwenda kwa Bwana Mshamu nikamuuliza amewaambia nini watu. Akasema, "Sijamwambia mtu jambo lolote. Nimesema tu kwamba mimi, nikifa, asinioshe Habibu, baba yako." Nikamwuliza sababu. Akanitazama kwa huruma, Tahiri, si kwa hasira, akasema, "Kamuulize aliyemimina maji."

Kwa kuwa sababu haisemwi, watu wanajitungia zao. Wapo wanaosema Baba anakata sanda. Wapo wanaosema anauza maji ya josho la maiti kwa waganga. Mzee aliyewasitiri watu wa mji huu tangu mimi sijazaliwa.

Nilimsihi ajitetee. Alinijibu neno moja: "Mwosha hana maneno." Hajakutaja.

Kadi nimeibandua, nimechelewa sana. Sasa nakuuliza, na unijibu bila hotuba. Mzee Abdulrazaq alipokufa mwezi wa tisa, msaidizi wa Baba alikuwa mgonjwa, na wewe ndiye uliyeingia naye nyuma ya pazia. Lile jina ubavuni ulilitoa wapi?

Dada yako,
Hanifa


Chuo Kikuu, Dar es Salaam
9 Januari 2024

Dada,

Sijui nianzeje kukusalimu. Nawatakia afya, ingawa najua ni nani aliyeiondoa.

Nililiona. Baba alimgeuza marehemu upande, nami nikawa namimina, nikaliona jina la mwanamke chini ya kwapa, wino wa zamani uliokwisha kufifia. Baba alivuta kitambaa akapafunika, akaendelea kuosha kwa mkono ulio chini ya kitambaa. Hakunitazama, hakuniusia. Alidhani hahitaji kuniusia mtoto wake.

Sikukusudia kumvua nguo yule mzee. Natamani ningekuwa na kosa la mtu mwenye nia. Nilikaa mezani nikitafuta picha kali ya kuwachoma wasomaji, na ile ikaja kwanza, nikaishukuru kwa kuja. Nilifurahi, Hanifa. Niliwasomea wenzangu bwenini kwa sauti wakapiga makofi. Hata mara moja sikukumbuka kwamba kile kitu kilikuwa mwili wa mtu, na kwamba kwa desturi yetu mwosha ndiye anayemjibia kila aliyemwingiza nyuma ya pazia.

Nimefikiri usiku na mchana. Ipo njia moja. Sema jina hilo limo katika filamu. Mwambie Bwana Mshamu, waambie na wengine, kwamba mdogo wako alisimulia alichokiona kwenye kioo cha runinga, mengine ni bahati mbaya. Ukisema hivyo Baba anatoka, na marehemu anabaki amefunikwa. Nikija mimi kukiri kwamba nililiona pale kitandani, nitakuwa nimelitangaza kwa mara ya pili.

Nakuomba.

Mdogo wako,
Tahiri


Mohoro
14 Januari 2024

Tahiri,

Salamu. Baba anakohoa lakini anakula.

Nimesema. Nilimwambia Bwana Mshamu mbele ya watu wawili watatu, na sauti yangu haikutetemeka, jambo lililonisikitisha. Akasema atamfikishia shemeji yake, mjane wa marehemu.

Leo asubuhi amekuja binti wa mjane huyo. Bi Mwanaamina mwenyewe yumo ndani, eda ya mumewe haijaisha, lakini amemtuma mtoto akamkodie *Mwosha wa Mji*. Nisingeweza kukataa kukodisha filamu niliyoitangaza mlangoni mwenyewe. Nikampa.

Sikuwahi kuitazama, nilikuwa nakuamini wewe. Je, hilo jina limo?

Dada yako,
Hanifa


Chuo Kikuu, Dar es Salaam
17 Januari 2024

Dada,

Halimo.

Niandalie mahali pa kulala. Nitakuja nikamwangukie Bi Mwanaamina miguuni, nimweleze kila kitu kwa kinywa changu. Mwombe Baba ruhusa, na uniambie amesemaje.

Mdogo wako,
Tahiri


Mohoro
24 Februari 2024

Mdogo wangu Tahiri,

Assalaam alaykum. Tu wazima. Kifua cha Baba kimepata nafuu tangu mvua zipungue. Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa na hofu kwamba nikikujibu utakuja.

Bi Mwanaamina ametoka eda. Siku ya pili yake alikuja dukani, peke yake, amejifunika vizuri, amekonda. Fikirini alikuwepo anabishania kadi ya redio inayotangaza vifo. Bwana Mshamu naye alikuwepo, na wanawake wawili wa mtaa wa juu. Wote wakampisha. Nikamletea kiti, akakataa, akasema amekaa vya kutosha.

Akaniambia, kwa sauti ya kumfikia kila mtu, "Hanifa, ile filamu nimeitazama yote."

Nikasema, "Naam, mama."

"Lile jina limo. Karibu na mwisho, anapooshwa yule mwenye meli. Linapita upesi, asiye makini halioni." Akamgeukia shemeji yake. "Mshamu, umemwonea Mzee Habibu. Mtu ameandika habari ya filamu, wewe ukamvisha kaka yako."

Bwana Mshamu alimtazama, yeye akamtazama. Wote wawili wanajua, Tahiri. Mwisho Bwana Mshamu akasema, "Basi, shemeji. Kama umeona wewe, nani atabisha?" Na akaenda mwenyewe hadi barazani kwa Baba akamshika mkono. Hawakuzungumza lolote ila habari za mashamba.

Watu walipotoka nikamwuliza Bi Mwanaamina kama ameileta ile CD, maana Fikirini alikwisha kuiulizia. Akasema, "Imeharibika. Hutaipata tena, na usiagize nyingine." Nikaanza kumwomba radhi kwa niaba yako. Akaniinulia mkono. "Nimelala ubavuni mwa jina lile umri wangu wote wa ndoa," akasema. "Mwanamke mwenyewe ni marehemu, na mume wangu ni marehemu. Nilikuwa nimebaki mimi tu wa kulijua. Ndugu yako alitaka nini nalo?"

Kama wewe una jibu, usiniandikie.

Usije kumwangukia miguuni. Nimelifikiria sana na ninakukataza kama dada yako mkubwa. Yule mama amelifunika kwa uongo wake mwenyewe, mbele ya watu, mtu ambaye hajawahi kusikika akisema uongo. Ukija na maungamo yako mazuri utamlazimisha alifunue ili wewe ulale vizuri. Umehutubia sana. Hili libebe kimya.

Wiki iliyopita amefariki mtu Jumatatu kabla ya adhuhuri, na kabla tangazo halijaisha wafiwa walikuwa mlangoni kwa Baba. Nilimwona akipanga vitambaa vyake. Aliingia na msaidizi wake wa zamani, na Fikirini akaombwa kumimina maji.

Alipotoka nilimpa ombi lako. Nilimsomea barua yako, ile fupi, neno kwa neno. Alikuwa ananawa. Alinawa muda mrefu. Akasema uje, Ramadhani iko karibu, futari ipo, na chumba chako hakijaguswa. Nikamwuliza, "Na kukiwa na msiba, Baba, akusaidie?"

Akasema utakaa nje na watu wengine.

Dada yako,
Hanifa